Fedha za benki: 'Umezipata wapi?' ni swali linalotaka ushahidi

SIFA njema zote anastahiki Allah (s.w), Mola Mlezi wa walimwengu wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), ahli zake, Masahaba wake na kila aliyefuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, katika Surat Aal Imran, aya ya 37, tunasimuliwa habari ya Nabii Zakaria (a.s) na Maryam. Kila alipoingia mihrabuni alimkuta Maryam ana riziki ambayo yeye mlezi wake hakuileta. Akamuuliza imetoka wapi. Maryam hakununa, wala hakusema mbona unanishuku nami ni mcha Mungu. Alijibu kuwa imetoka kwa Allah. Aliyeulizwa ni mwanamke mteule, na aliyeuliza ni Nabii aliyebeba dhamana ya kumlea. Tunajifunza hapo kuwa kuulizwa chanzo cha mali si tusi. Mwenye dhamana anaweza kuuliza, na mwenye mali anatakiwa awe na jibu.

Leo swali hilo hilo linawafikia Waislamu wengi wa mijini kwa barua ya Mamlaka ya Mapato. Afisa amechukua taarifa ya benki ya mfanyabiashara, ile tunayoiita stetimenti, akajumlisha fedha zote zilizoingia kwa mwaka, kisha akalinganisha na mauzo yaliyotajwa katika ritani. Ameona tofauti. Anaandika: eleza fedha hizi zimetoka wapi, la sivyo zitahesabiwa kuwa ni mapato ya biashara na zitatozwa kodi. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Riziki ya Maryam ilikuwa ni karama, na sisi hatuna karama. Kusema "ni riziki ya Mungu" ni kweli, lakini jibu hilo halimtoshi afisa wa kodi, wala halitaitosha Bodi ya Rufani za Kodi.

Mfano wa duka la vitenge

Tuchukue mfano. Mtu ana duka la vitenge Kariakoo. Katika ritani ametaja mauzo ya shilingi milioni 96. Stetimenti ya mwaka huo huo inaonesha zimeingia milioni 186. Tofauti ni milioni 90, na yeye anajua fika kwamba fedha hizo hazikutoka dukani.

Milioni 30 ni fungu lake katika nyumba ya marehemu baba yao iliyouzwa Tanga. Milioni 24 ni za upatu, kwa sababu yeye ndiye mweka hazina wa kikundi na fedha za wenzake hupitia kwake. Milioni 14 alikopeshwa na ndugu yake aliyeko Muscat, mkopo mwema usio na riba. Milioni 12 ni zake mwenyewe, alizitoa katika akaunti moja akaziweka katika nyingine. Milioni 10 ni michango ya harusi ya binti yake.

Tuseme kila neno katika hayo ni kweli. Lakini afisa hakuwepo Tanga nyumba ilipouzwa. Hakai katika upatu. Huyo ndugu wa Muscat hamjui. Anachokiona ni tarakimu tu, na tarakimu hazisemi kama zimetoka kwa mteja wa kitenge au kwa shangazi aliyechangia harusi. Mwenye duka anapotakiwa kueleza, anajibu kwa mdomo: "Zile za mirathi, hizi za upatu, na zile kanitumia kaka." Anaulizwa karatasi ziko wapi. Anajibu: "Sisi ni ndugu, hatuandikiani."

Kwa jibu hilo amekwisha shindwa, hata kama ni mkweli. Anahesabiwa mauzo ambayo hakuyafanya na faida ambayo hakuipata.

Nani anayetakiwa kuthibitisha?

Baadhi ya ndugu zetu waliosoma fiqh wana hoja yao. Wanasema Mtume (s.a.w) ametufundisha kuwa ushahidi ni juu ya mwenye kudai na kiapo ni juu ya mwenye kukana. Mamlaka ndiyo inayodai kodi, basi Mamlaka ilete ushahidi.

Kanuni hiyo ni sahihi, ila hapa haikutumiwa mahali pake. Mamlaka imekwisha leta ushahidi wake, nao ni stetimenti. Kwamba fedha ziliingia katika akaunti yako, hilo hubishi. Sasa wewe ndiye unayeleta dai jipya, kwamba fedha hizi ni mkopo, zile ni amana, na zile nyingine ni mirathi. Kwa dai hilo umekuwa mwenye kudai, na ushahidi umehamia kwako.

Sheria za nchi zetu nazo zimekwenda njia hiyo. Hapa Tanzania, Sheria ya Rufani za Kodi ya mwaka 2000 imemwekea mkata rufani mzigo wa kuthibitisha kuwa makadirio aliyopewa yamezidi au yamekosewa. Kenya nako, Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipa kodi athibitishe kuwa uamuzi wa kodi si sahihi, na mashauri mengi ya fedha za benki yamefika katika baraza lao la rufaa za kodi. Sababu yake inaeleweka. Anayejua fedha zimetoka wapi ni mwenye akaunti. Asiposema yeye kwa ushahidi, nani mwingine atasema?

Kanzu ya Yusuf

Wapo wanaoona uchungu na kusema: "Mimi ni mtu wa swala tano, kwa nini neno langu halitoshi?" Ndugu yangu, tusome Surat Yusuf. Nabii Yusuf (a.s) alisingiziwa na mke wa mheshimiwa wa Misri. Yusuf alikuwa mkweli, na ukweli wake Allah aliujua. Hata hivyo mbele ya watu palikuwa na maneno mawili yanayopingana, la mwanamke na la kijana. Shahidi wa watu wa nyumba ile hakusema tumwamini Yusuf kwa kuwa ni mtu mwema. Alisema itazamwe kanzu. Ikiwa imechanwa mbele, mwanamke ni mkweli. Ikiwa imechanwa nyuma, kijana ni mkweli. Ikatazamwa, ikaonekana imechanwa nyuma.

Kama Nabii wa Allah alisafishwa kwa kanzu, basi mimi na wewe tusione haya kuambiwa tulete karatasi. Utu wema wako ni baina yako na Mola wako. Mwanadamu anayeamua baina ya watu anaamua kwa kile alichokiona na kukisikia. Mtume (s.a.w) mwenyewe, katika hadithi aliyoipokea Ummu Salama (r.a) na iliyomo katika Bukhari na Muslim, aliwafahamisha watu kuwa yeye ni binadamu, wanamletea mashauri, na huenda mmoja akawa hodari wa hoja kuliko mwenzake, naye akahukumu kwa kadiri anavyosikia. Ikiwa hivyo ndivyo alivyohukumu Mtume (s.a.w), tutamtaka vipi afisa wa kodi ajue yaliyo vifuani mwetu?

Aya ndefu kuliko zote

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an ni aya ya 282 ya Surat al-Baqara, nayo imeshuka kufundisha namna ya kuandikiana deni. Humo tumeagizwa tuandike deni la muda maalumu, mwandishi aandike kwa uadilifu, mwenye kudaiwa ndiye atoe imla wala asipunguze kitu, na washuhudie mashahidi. Tumeambiwa tusichoke kuandika, deni liwe dogo au kubwa. Na tumetajiwa faida yake: ni uadilifu zaidi mbele ya Allah, ni imara zaidi kwa ushahidi, na hutukurubisha zaidi na kuondokana na shaka. Biashara ya mkono kwa mkono ndiyo iliyosamehewa kuandikwa. Jumhuri ya wanavyuoni wameichukua amri hii kuwa ni ya kupendekezwa, na wapo walioiona ni wajibu. Hakuna aliyesema kuwa kuandika ni kumvunjia ndugu heshima.

Basi ilikuwaje sisi, watu wa aya hiyo, tukawa ndio wa mwisho kuandikiana? Wengi wetu tumejizuia na mikopo ya benki kwa kuogopa riba, na hilo ni jambo jema. Tukarejea kukopeshana ndugu kwa ndugu, nalo ni jema pia. Lakini mkopo wa benki huja na mkataba, na mkopo wa ndugu umekuja mikono mitupu. Tumeikimbia riba, na kalamu tukaiacha huko huko. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa zama hizi, mali bila daftari hata ikiwapo inakugeuka, ikawa shahidi dhidi yako.

Karatasi gani inayotosha?

Tumrudie mwenye duka letu, tutazame angefanya nini.

Fungu la mirathi ndilo jepesi kulithibitisha. Panatakiwa hati ya mahakama ya kumteua msimamizi wa mirathi, mkataba wa kuuza nyumba, mgawanyo wa warithi uliotiwa saini, na stetimenti inayoonesha fedha zimetoka kwa mnunuzi au kwa msimamizi. Tarehe na kiasi vikilingana, afisa mwadilifu hana la kubisha.

Fedha alizohamisha mwenyewe zinathibitishwa kwa stetimenti mbili zilizowekwa pamoja. Huku zimetoka milioni 12, huku zimeingia milioni 12, kwa siku hiyo hiyo au ya jirani yake. Matatizo huja pale mtu anapozitoa taslimu, akazikaliza nyumbani miezi mitatu, kisha akarudisha sehemu yake.

Upatu unataka daftari. Majina ya wanachama, kiasi cha kila mmoja, zamu ya nani mwezi gani, na saini ya kila aliyepokea. Jambo la kutazamwa zaidi ni kwamba fedha za upatu haziingii tu, hutoka pia. Stetimenti ikionesha kila mwezi zimeingia milioni 2 na siku ile ile au ya pili zimetoka milioni 2 kwenda kwa mwenye zamu, hiyo ndiyo kanzu iliyochanwa nyuma.

Mkopo wa ndugu wa Muscat una masuala matatu. Je, fedha zilitoka kwake kweli? Ushahidi ni risiti ya kutuma, yenye jina lake na tarehe. Je, ulikuwa mkopo au malipo ya mzigo wa vitenge? Ushahidi ni maandishi ya siku ya kukopeshana, na marejesho yaliyokwisha anza kulipwa. Je, huyo ndugu alikuwa na uwezo wa kukopesha kiasi hicho? Ushahidi ni stetimenti yake au barua ya mwajiri wake. Mara nyingi watu hujibu la kwanza na kusahau mawili yaliyobaki. Na kama fedha zilipita kwa mtu wa tatu, zikaletwa ndani ya bahasha bila hata kipande cha karatasi, jibu litakuwa gumu sana.

Michango ya harusi ina orodha ya kamati na miamala ya simu. Tatizo ni kuwa harusi ikiisha, orodha hutupwa pamoja na mabaki ya pilau. Itunzwe. Sheria ya Tanzania na ya Kenya zote zinamtaka mfanyabiashara atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5.

Ama kiapo cha mahakamani, kinasaidia kikisimama juu ya hati nyingine. Kikija peke yake ni neno la mwenye kesi tu, limepigwa muhuri.

Na wakati nao ni jambo kubwa. Mwenye kupinga makadirio hupewa siku 30 za kuleta pingamizi lake, huku kwetu na Kenya. Sheria yetu ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 ilimtaka mwenye pingamizi atangulize kiasi asichokibishia, au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa zaidi, isipokuwa Kamishna ampunguzie kwa sababu nzuri. Kutoka hapo njia ni Bodi, kisha Baraza, kisha Mahakama ya Rufani, ambayo husikiliza hoja za kisheria tu. Aliyeziacha karatasi zake nyumbani siku ya Bodi, asitaraji kuzitandaza Mahakama ya Rufani.

Amana ya msikiti ndani ya akaunti ya mtu

Liko jambo zito zaidi ya duka la vitenge. Misikiti na madrasa zetu kadhaa fedha zake ziko katika akaunti binafsi ya mweka hazina au ya mzee mmoja anayeaminiwa. Mchango wa kuezeka, sadaka za Ijumaa, fedha za kisima alizotuma mfadhili, zote zinaingia kwa jina lake.

Barua ya kodi ikimfikia, atasema ni za msikiti. Ataulizwa muhtasari wa kikao uliompa ruhusa uko wapi, na daftari la mapokezi liko wapi. Hana. Mzee wa watu anadaiwa kodi ya sadaka, na sifa yake inachafuka katika mtaa aliouhudumia miaka 20.

Na mauti yakimfika kabla ya barua? Warithi wanaikuta akaunti ina jina la baba yao. Hawajui senti ipi ni yake na ipi ni ya Allah. Wanagawana. Wakfu unaliwa na mayatima wasio na kosa, na marehemu anabaki na amana za watu shingoni. Yote hayo kwa kuona haya kufungua akaunti ya msikiti yenye watia saini watatu! Waumini, hili tusilingoje. Kamati ya msikiti inayosoma makala haya ilizungumze Ijumaa hii.

Wenye kukusanya nao wamche Allah

Haki ina pande mbili. Fedha iliyoingia benki si lazima iwe mauzo, na mauzo si faida. Afisa anayejumlisha kila kilichoingia na kukiita mapato, hali anaona kwa macho yake kuwa fedha zile zile zimezunguka kutoka akaunti moja ya mtu kwenda nyingine, huyo anadhulumu. Anayewekewa hati mezani akakataa kuzisoma ili atimize lengo la makusanyo, huyo anadhulumu. Na anayetisha kwa makadirio makubwa ili aitwe pembeni apewe kitu, huyo amejikusanyia moto.

Wakumbuke mtu aliyetumwa na Mtume (s.a.w) kukusanya zaka za Banu Sulaym. Aliporudi aligawa mafungu mawili, hili lenu na hili nimezawadiwa mimi. Mtume (s.a.w) alighadhibika, akapanda mimbari, akauliza kwa nini mtu huyo asikae nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama zawadi hiyo itamfuata. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim. Mkusanyaji naye anaulizwa: umezipata wapi?

Wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka yao Mei 2023, kero za kodi zilikuwa miongoni mwa malalamiko yao makubwa. Malalamiko kama hayo yana nguvu pale mlalamikaji anapokuwa na daftari mkononi.

Kanzu yenye damu ya uongo

Nimalizie kwa onyo. Katika Surat Yusuf hiyo hiyo iko kanzu nyingine, nayo ilitangulia. Ni ile ambayo ndugu zake waliipaka damu ya uongo wakampelekea baba yao. Nayo ilikuwa "ushahidi".

Wapo miongoni mwetu ambao milioni 90 zao zimetoka dukani kweli. Barua inapofika, ndipo wanapotafuta ndugu wa kuandika mkataba wa mkopo wenye tarehe ya miaka mitatu nyuma, na daftari la upatu linaandikwa usiku mmoja kwa kalamu moja. Wengine wanajitetea kuwa kodi ni dhulma, kwa hiyo uongo ni halali. Wanavyuoni wamejadiliana sana juu ya kodi zisizokuwa zaka na mipaka yake, na mwenye kuona amedhulumiwa ana mlango wa pingamizi na rufani. Lakini ushahidi wa uongo ni jambo jingine. Mtume (s.a.w) alipoyataja madhambi makubwa kuliko yote alikuwa ameegemea. Alipofika kwenye ushahidi wa uongo aliketi sawasawa, akakariri neno hilo mpaka Masahaba wakatamani anyamaze. Na katika ile hadithi ya Ummu Salama alitahadharisha kwamba anayehukumiwa haki ya mwenzake kwa ufasaha wa hoja zake, amekatiwa kipande cha moto. Kushinda kesi hakuibadilishi haramu kuwa halali. Tena anayeghushi leo anamharibia mkweli wa kesho, kwani afisa aliyekwisha letewa mikataba kumi ya uongo hataamini ule wa kumi na moja, nao ndio wa kweli.

Basi mwenye mauzo aliyoyaficha na ayataje, alipe, apumzike. Mwenye haki na aiandike tangu leo: akaunti ya biashara iwe mbali na ya nyumbani, ya amana mbali na zote mbili, na kila mkopo uwe na karatasi, hata wa mama kwa mwanawe. Kuandikiana si kutiliana shaka. Ni kulindana, kwa sababu wewe utasahau, yeye atasahau, na mmoja wenu atatangulia kufa.

Mwisho wa yote, barua ya Mamlaka ya Mapato si barua ya mwisho. Imepokewa na Tirmidhi kuwa Siku ya Kiyama nyayo za mja hazitaondoka mpaka aulizwe, na katika atakayoulizwa ni mali yake: aliichuma kutoka wapi na aliitumia katika nini. Maswali ni mawili, na la kwanza ni lile lile la afisa. Tofauti ni kuwa siku hiyo Muulizaji haitaji stetimenti. Aliyezoea kujiuliza mwenyewe kila jioni, daftari likiwa mbele yake, swali hilo halitamkuta mgeni.

Tunamuomba Allah (s.w) atupe riziki ya halali, atujaalie wenye kutunza amana, na atunusuru na dhulma, ya kudhulumu na ya kudhulumiwa. Amin.

Wabillah tawfiq.